Mchuaji asiyekuuliza chochote usimpe mgongo wako: tuzungumze masaji ya matibabu

Mkono wa Kazi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Nasoma sana nyuzi za maumivu ya mgongo, shingo na miguu, na karibu kila uzi hakosi mtu wa kusema "nenda kachuliwe tu, litaisha". Mimi kazi yangu ndiyo hiyo ya kuchua. Nimeifanya miaka mingi, asubuhi mpaka jioni, nikipokea wagonjwa wanaotoka kwa madaktari na kwa wenzetu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Naipenda, na naamini inatibu. Ndiyo maana hilo jibu la "kachuliwe tu" linanikera. Achuliwe wapi, kwa namna gani, kwa tatizo lipi, na nani?

Nianze na kisa kimoja.

Alikuja mama wa makamo, wiki mbili hivi tangu afanyiwe upasuaji wa goti. Muda wote huo alikuwa mtu wa kitandani. Shavu la mguu wa kushoto lilimuuma, akaamini ni msuli umekaza. Watoto wake walishamkanda kwa maji ya moto asipate nafuu. Akaniambia, "Mwanangu, hapa nikandie kwa nguvu, usinionee huruma."

Nikamwomba alale chali, nikafunua miguu yote miwili, kwa sababu mguu mmoja ukiuangalia peke yake haukuambii kitu. Wa kushoto ulikuwa mnene kuliko mwenzake. Ngozi ilivutika mpaka inang'aa. Nikaweka mgongo wa kiganja changu kulia, kisha kushoto: kushoto kulikuwa na joto. Nikachukua utepe wa kupimia, nikahesabu sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, nikazungusha. Tofauti ya miguu miwili ilizidi sentimita 3. Nikakunja utepe, nikamwambia mama sitakuchua, unakwenda hospitali sasa hivi, na hupandi ngazi yoyote kwa haraka. Alikasirika, akaona nimemtupa. Picha ya ultrasaundi ilionyesha donge la damu ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Donge la namna ile likikandwa linaweza kubanduka, likachukuliwa na damu mpaka kwenye mapafu, na huko linaua, pengine kwa dakika chache tu.

Sikumchua hata kidogo, na naihesabu siku ile kati ya siku nilizofanya kazi yangu sawasawa.

Sasa ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni hiki: masaji huwa tiba pale anayekuchua anapokuwa ameuliza, ameangalia, na amejua anatafuta nini. Kitanda, mafuta, taulo na muziki wa taratibu havihusiki. Vyote hivyo vinaweza kuwepo na tiba isiwepo.

Chukua mtu aliyeshindwa kugeuza shingo kulia. Kabla sijamgusa namwambia ageuze taratibu, naangalia kidevu kinaishia wapi ukilinganisha na bega, namuuliza maumivu yanaanzia wapi na yanakwenda wapi, alilalaje, anatumia dawa gani, amewahi kuanguka au kupata ajali. Namchua. Nikimaliza anageuza tena, tunaona kidevu kimefika wapi. Mara ya tatu au ya nne kama hakuna kilichosogea, namwambia ukweli kwamba hapa mkono wangu hausaidii, arudi kwa daktari. Mchuaji anayekaa na mgonjwa miezi sita bila kupima chochote anamlia fedha na muda wake.

Wazo hili si langu wala si jipya. Mwaka 1894 kule Uingereza wauguzi wanne wanawake walianzisha chama cha wachuaji waliosomea. Wakati ule jina la masaji lilikuwa limechafuka, nyumba za ukahaba London zilijificha nyuma yake. Wale akina mama wakaweka mitihani na kanuni, mojawapo ikiwa kutomchua mtu bila maelekezo ya daktari. Chama hicho ndicho kilichokua mpaka kikawa chama cha wataalamu wa fiziotherapia cha nchi ile. Nikisikia watu wanaicheka kazi yetu huwa nawakumbuka.

Tuje kwenye aina zenyewe. Sitazitaja zote, zipo nyingi na nyingine ni majina tu ya biashara.

Inayojulikana zaidi ni masaji ya Kiswidi. Inahusishwa na Pehr Henrik Ling, Mswidi aliyefungua chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813, ingawa aliyepanga mitindo ya mkono na kuipa majina yanayotumika hadi leo anatajwa kuwa daktari wa Kiholanzi, Johan Georg Mezger. Mitindo ni mitano: kupapasa kwa viganja kwa mwendo mrefu, kukanda kama unavyokanda unga, kusugua, kupigapiga, na kutikisa. Kwenye miguu na mikono tunapapasa kuelekea moyoni. Mishipa inayorudisha damu ina vilango vinavyofungukia upande mmoja, na mkono unafuata njia hiyo hiyo. Masaji hii inafaa kwa misuli iliyochoka, usingizi uliokatika, mwili uliokaza kwa mawazo. Pia ndiyo mlango wa kuingilia kwenye aina nyingine, maana huwezi kwenda ndani kabla ya kupasha moto juu.

Masaji ya ndani, wengine wanaiita masaji nzito, ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Watu wanadhani ni nguvu. Kuna usemi mitaani kwamba usipolia hujachuliwa. Si kweli kabisa. Uzito wake ni kwenda polepole: unaweka kiganja, ngumi au kigasha (mkono chini ya kiwiko), unasubiri msuli wa juu ulegee, ndipo unazama hatua moja. Mimi namwambia mgonjwa, tukihesabu maumivu kutoka 0 mpaka 10, ikifika 7 niambie. Lakini wengi wanajikaza wasiseme, kwa hiyo naangalia vidole vya miguu. Vikijikunja, au mtu akishika pumzi, mwili umeshaanza kujilinda na misuli inakaza dhidi yangu. Kuendelea hapo ni kupigana na mtu uliyekuja kumsaidia.

Ipo masaji ya vifundo vya maumivu, hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Kwenye msuli kunakuwa na kamba ngumu, na ndani ya kamba hiyo kijisehemu kama punje ambacho ukikibonyeza maumivu yanatokea mahali pengine kabisa. Aliyeieleza kwa kina ni Janet Travell, daktari wa Marekani aliyemtibu mgongo Rais John F. Kennedy. Nimekutana na watu waliotumia vidonge vya kichwa miaka kadhaa, ukibana msuli wa juu ya bega katikati ya shingo na ncha ya bega, mtu anashtuka: "Hapo hapo! Ndiyo maumivu yangu ya upande wa jicho." Unabonyeza kwa kidole, unakaa sekunde 30 mpaka 60 bila kusugua, unasikia punje inalainika chini ya kidole, kisha unanyoosha msuli. Vivyo hivyo vifundo vya makalio hurusha maumivu chini ya mguu mpaka mtu akaamini mshipa umebanwa.

Kusugua kwa kukatisha nyuzi ni kwa ajili ya kano zilizoumia, mfano kwenye kiwiko, bega au kano ya kisigino. Aliyeitangaza ni Dk. James Cyriax wa hospitali ya St Thomas, London. Hapa mafuta hayatumiki kabisa, kwa sababu kidole na ngozi lazima viende pamoja. Kikiteleza unapata lengelenge na kano hujaifikia. Unasugua kwa kukatisha uelekeo wa nyuzi, eneo dogo kama ncha ya kidole, dakika chache. Haifurahishi, ila maumivu yanapaswa kufa ganzi taratibu kadiri unavyosugua. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, acha.

Masaji ya limfu, yale maji ya mwilini yanayopita kwenye mirija yake, nitaieleza zaidi kama kuna mwenye swali. Ilianzishwa na Emil na Estrid Vodder, mke na mume Wadenmark waliofanya kazi Ufaransa miaka ya 1930. Ni nyepesi mno, unaivuta ngozi tu, kwa sababu mirija ya limfu iliyo juu iko chini tu ya ngozi. Ukibonyeza kwa nguvu unaiziba.

Za wanamichezo, shiatsu ya Wajapani inayofanywa kwa vidole juu ya nguo, na ya Kithai yenye kunyoosha viungo, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi mwaka 2019, zina nafasi yake. Kwa wanamichezo niseme moja: si kweli kwamba tunakamua asidi ya misuli iliyobaki baada ya mazoezi. Asidi hiyo mwili wenyewe unaiondoa ndani ya kama saa moja. Maumivu ya siku ya pili na ya tatu ni misuli inayojikarabati, na masaji inayapunguza kiasi.

Je, inafanyaje kazi? Mtoto akijigonga anasugua pale pale bila kufundishwa. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango: taarifa za mguso zikiingia kwa wingi zinapunguza nafasi ya taarifa za maumivu kupita. Wazo lao limeongezewa mengi baadaye, lakini msingi wake unasaidia kuelewa. Ongeza hapo misuli kulegea na mtu kutulia. Na mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliiweka masaji kati ya njia za kuanza nazo, kabla ya dawa, kwa maumivu mapya ya chini ya mgongo.

Masaji haitoi sumu mwilini. Hairudishi mahali pake diski, yaani vile vipande laini vilivyo kati ya mifupa ya uti wa mgongo. Haiyeyushi kitambi. Anayekuahidi hayo ama hajui ama anakudanganya.

Mwisho wa bandiko hili, nyakati za kutochua. Homa, kidonda wazi, ngozi yenye maambukizi, mfupa uliovunjika au unaoshukiwa, mguu mmoja uliovimba ghafla, uvimbe usiojulikana. Usibonyeze mbele ya shingo wala shimo la nyuma ya goti. Mwenye saratani, mjamzito, mwenye mifupa inayovunjika kirahisi, aliyepata kiharusi karibuni: wanaweza kuchuliwa, ila na aliyefundishwa, na daktari wao akijua.

Na wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande. Hili nimejifunza kwa kosa langu. Nikiwa mgeni kwenye kazi nilimchua mzee mmoja mgongo wote kwa nguvu, kama alivyoomba. Sikumuuliza dawa. Kumbe alikuwa na tatizo la moyo na alikunywa warfarini kila siku. Kesho yake alirudi akapandisha shati: weusi wa damu iliyovia ulianzia mbavuni mpaka kiunoni. Alinionyesha bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu hapo swali la dawa ndilo la kwanza.

Karibuni kwa maswali.

---

Dereva wa Usiku

Mkuu asante sana, uzi umenigusa. Mimi naendesha gari la masafa, saa nane mpaka kumi kwenye kiti. Mgongo chini unauma, maumivu yanaanzia kwenye kalio la kulia yanashuka nyuma ya paja. Wiki iliyopita rafiki alinipeleka kwa jamaa mmoja, akanilaza chini akanipanda mgongoni kwa miguu. Nilisikia mlio. Kesho yake mguu una ganzi mpaka kwenye vidole. Nirudi amalizie au nifanyeje?

Mkono wa Kazi

Ndugu yangu, usirudi. Kwanza nijibu haya hapa hapa kabla ya jingine lolote: mkojo unatoka kawaida na unahisi unapotoka? Haja kubwa unaizuia? Sehemu ile inayogusa kiti, katikati ya mapaja, ina ganzi? Mguu una nguvu? Vua viatu, tembea kwa visigino hatua kumi, kisha kwa vidole. Ukiona mguu wa kulia unaanguka, sema.

Dereva wa Usiku

Mkojo na choo sawa. Katikati ya mapaja hakuna ganzi. Kwa vidole natembea vizuri. Kwa visigino naweza, ila wa kulia unachoka haraka kuliko wa kushoto. Nikikohoa inapiga mpaka chini.

Mkono wa Kazi

Asante kwa kujibu vizuri. Ungesema mkojo umegoma au kuna ganzi katikati ya mapaja, ningekuambia acha simu nenda hospitali dakika hii, kwa sababu ni mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti inabanwa, na ikicheleweshwa mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuzuia haja maisha yake yote. Ukiona dalili hizo wakati wowote, hata usiku wa manane barabarani, ndivyo ufanye.

Yako inaonekana mshipa wa fahamu umeudhika, pengine kwenye diski, kwa kuwa kukohoa kunaongeza na ganzi inapita goti. Huo mguu unaochoka ndio unaonipa haraka. Muone daktari wiki hii, usisubiri safari iishe. Masaji hapa ni msaidizi. Misuli ya kiuno na makalio inakaza kuulinda mgongo, na kuilegeza kwa upole kunakupa nafasi ya kusogea, halafu kusogea huko ndiko kutakakokuponya. Lala ubavu, mto katikati ya magoti, uchuliwe kalio kwa kiganja, si kwa kiwiko. Asikupande mtu mgongoni. Uzito wa mwili mzima juu ya uti hauna kipimo wala breki.

Halafu, pochi. Unaiweka mfuko wa nyuma?

Dereva wa Usiku

Mfuko wa nyuma kulia, miaka yote. Haikuwahi kunijia kichwani.

Mkono wa Kazi

Itoe, unaikalia kwenye kalio lile lile linalouma. Na simama utembee kidogo kila baada ya saa moja na nusu au mbili.

---

Mjukuu wa Mkandaji

Mkuu nakuheshimu, ila sikubaliani na wewe kidogo. Bibi yangu alikuwa mkandaji, hakuwa na utepe wala hakusoma majina ya Wazungu. Watu walitoka mbali kumfuata, wakapona. Mnapoleta habari za mitihani mnawadharau wazee wetu.

Mkono wa Kazi

Ndugu yangu, sina dharau hata chembe, na naomba nikuulize kwa moyo safi. Bibi yako mgonjwa akifika, alianza kumkanda hapo hapo?

Mjukuu wa Mkandaji

Hapana. Alikuwa anamkalisha, anamuuliza. Anaweza kumaliza muda mrefu anaongea naye tu. Na kuna waliorudishwa. Nakumbuka mtoto aliyeanguka, mkono umevimba, bibi aligusa kidogo kwa vidole viwili akasema huu umevunjika, hauna kazi kwangu, mpelekeni.

Mkono wa Kazi

Basi bibi yako alikuwa mtaalamu, na mimi ningependa kukaa miguuni pake nijifunze vile vidole viwili. Hicho ndicho ninachokililia kwenye uzi huu. Ninaowasema ni wale wanaokupokea mlangoni na dakika ya pili uko kifudifudi.

---

Mama Kichanga

Naomba kuuliza. Mwanangu kazaliwa kabla ya wakati, sasa yuko vizuri na ametoka wodini. Nimesikia watoto hawa wakichuliwa wanaongezeka uzito. Ni kweli au maneno ya watu?

Mkono wa Kazi

Hongera dada yangu, na pole kwa safari hiyo. Kuna ukweli. Mwaka 1986 Tiffany Field na wenzake wa Miami, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto njiti waliochuliwa dakika 15 mara tatu kwa siku kwa siku 10. Waliongezeka uzito kwa siku asilimia 47 zaidi ya wenzao ambao hawakuchuliwa, hali kiasi cha maziwa kilikuwa kile kile. Baadaye wengine wamerudia, na mwelekeo umekuwa huo huo kwa ujumla, ingawa tofauti haikuwa kubwa hivyo kila mara.

Ila kuna jambo ambalo kina mama wengi hawalijui. Mguso mwepesi sana, ule wa kutekenya, watoto hawa hawaupendi, unawashtua. Mkono uwe na uzito kidogo, wa upole lakini unaotulia. Anza mgongoni, kichwani, mikono na miguu, chumba kikiwa na joto. Usimvute viungo, usimbonyeze tumboni akiwa ametoka kunyonya. Akigeuza uso, akikunja ngumi au akipiga chafya chafya, ametosheka, muache. Na kwa kuwa ni njiti, mwonyeshe daktari wake kwanza, akuambie kama yupo tayari.

---

Tumaini

Shikamoo mkuu. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa titi, wakatoa na tezi za kwapani. Sasa ni karibu mwaka, mkono wa upande ule umevimba kuanzia kwenye kiganja mpaka juu ya kiwiko. Kuna mtu anakuja nyumbani kumkanda. Anakamua kwa nguvu kutoka kiganjani kwenda juu kwa mafuta ya moto. Tangu juzi mkono umekuwa mwekundu na mama anatetemeka baridi. Yule mtu anasema ni ugonjwa unatoka, tuvumilie. Mama anasema inauma lakini hataki kumvunja moyo.

Mkono wa Kazi

Marahaba mwanangu. Nisikilize vizuri: mzuieni huyo mtu, na mama apelekwe hospitali leo. Wekundu, joto na kutetemeka kwenye mkono wa namna hiyo ni dalili ya maambukizi ya ngozi. Mkono usio na tezi za kwapani hauna ulinzi wake wa kawaida, na vijidudu vinasambaa haraka. Anahitaji dawa za kuua bakteria. Mwambieni daktari kwamba tezi zilitolewa. Wala mkono huo usitumike kumpima presha au kumchoma sindano kama mwingine upo.

Akishatulia tutazungumza masaji. Naandika hapa hapa kwa faida ya wengine, kwa sababu kosa la yule bwana nimeliona mara nyingi.

Limfu ni maji yanayobaki kwenye nyama za mwili, yanayokusanywa na mirija midogo, yanapita kwenye tezi, na mwisho yanamwagwa kwenye mishipa mikubwa ya damu chini ya shingo, karibu na mtulinga. Kwapa la mama limefungwa. Ukianza kukamua kiganjani unasukuma maji kwenda kwenye mlango uliofungwa. Aliyefundishwa anaanza mbali kabisa na uvimbe: shingoni juu ya mtulinga, halafu kwapa la upande wa pili, kifua, ndipo bega, sehemu ya juu ya mkono, na kiganja kinakuja mwisho. Kila hatua anafungua njia kabla ya kuleta maji. Ngozi inavutwa taratibu na kuachiwa. Ukimwangalia utadhani hafanyi kitu.

Na masaji peke yake haitoshi. Inakwenda na bandeji maalumu za kubana au soksi ya mkono, mazoezi mepesi akiwa amefungwa, na kuitunza ngozi isipasuke. Bila kufungwa, maji yanarudi.

Tumaini

Tumetoka hospitali. Wamesema ni maambukizi kweli, wamemwanzishia dawa, wamemlaza waangalie homa. Daktari aliuliza nani alikuwa anamkanda. Mama analia, anasema alijua moyoni kwamba si sawa.

Mkono wa Kazi

Mwambie mama hana kosa. Mtu akiumwa anamwamini anayemshika mkono, na ilikuwa kazi ya yule mtu kuuliza. Mpe pole zangu.

Dereva wa Usiku

Tumaini pole sana, mama apone. Mkuu, mimi nimeshamuona daktari, amekubali kwamba ni diski, ameniandikia fiziotherapia na amenipumzisha barabarani. Pochi sasa iko mfuko wa mbele.

Tumaini

Asante kaka. Mkuu, akishamaliza dawa, ile masaji ya limfu anaweza kuanza baada ya muda gani? Na nitajuaje kama inamsaidia?

Mkono wa Kazi

Asianze mpaka wekundu na joto viishe kabisa, dozi iishe, na daktari aseme ndiyo. Mwombeni huyo huyo daktari awaelekeze kwa mtu wa fiziotherapia aliyesomea limfu, na mkifika kwake muulizeni alijifunzia wapi na ataanzia kuchua sehemu gani. Akikwambia kiganjani, shukuruni muondoke.

Wewe nunua utepe wa kushonea. Mama akikaa, mkono umelala juu ya meza, anzia kwenye kifundo cha kiganja, weka alama kwa kalamu kila baada ya sentimita 4 mpaka karibu na kwapa, pima mzunguko wa kila alama, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Pima na mkono usiovimba pia. Rudia mara moja kwa wiki, saa ile ile, asubuhi kabla mkono haujafanya kazi. Usivute utepe, uguse ngozi tu.